Kufuli Juu ya Kufuli: Muuza Mtandaoni, Ufunguo wa Chumba Chako ni Mtaji

Leo siongelei bei, siongelei namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea kitu ambacho wengi wetu tunakipita kama vile hakipo: kufuli la mlango wa chumba tulichopanga.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Ukilipa kodi ya chumba, umelipia na ufunguo wake. Nyumba inabaki ya mwenye nyumba, ila ule mlango kwa muda uliolipia ni wako. Hatakiwi kuingia anavyojisikia, na hatakiwi kupiga kufuli lake juu ya kufuli lako eti kwa sababu kodi imechelewa. Na wewe mpangaji nawe hutakiwi kutoboa ukuta na kung'oa vitasa bila kuongea naye. Haya yote yamalizwe kabla hela haijatoka mfukoni, na yaandikwe.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mjini, ya Mwanza na Dar. Mimi niko Nkome, pembeni ya ziwa, nimeishia kidato cha nne na biashara nimejifunza mwenyewe kwa kuuza vitenge na vifaa vya simu. Nakwambia hivi: huku kwetu ndiko jambo hili linauma zaidi, kwa sababu huku mambo mengi yanaenda kwa mdomo.

KWANINI SISI TUNAUMIA KULIKO WAPANGAJI WENGINE

Mpangaji wa kawaida akifungiwa nje siku tatu, analala kwa ndugu, anaazima nguo, maisha yanasonga. Muuza mtandaoni akifungiwa siku tatu, biashara imekufa siku tatu. Chumba ndiyo duka, ndiyo stoo, ndiyo ofisi. Mzigo uko chini ya kitanda, mifuko ya kufungashia iko juu ya kabati, daftari la oda liko mezani. Mteja wa Katoro katuma hela asubuhi, anataka mzigo wake uingie kwenye gari la mchana. Ukimwambia "samahani dada, mwenye nyumba kanifungia", hakuelewi. Anachosikia yeye ni sauti ya tapeli.

Mwenye fremu barabarani akifunga siku mbili, wateja wanaliona duka lipo pale pale. Sisi mteja hatuoni. Anachokiona ni jina, namba ya simu na ahadi. Ahadi ikivunjika mara moja, hakuna kingine alichobaki nacho cha kutuamini.

Kuna dada ninayefahamiana naye hapa kwetu, anauza nguo za watoto kupitia WhatsApp. Kodi ilipita siku tisa. Mwenye nyumba akaja mchana, dada hayupo, akapiga kufuli. Ndani kulikuwa na oda 11, na 8 kati ya hizo zilishalipiwa. Deni la kodi lilikuwa shilingi 30,000. Mzigo uliolipiwa ulizidi laki mbili. Alifunguliwa siku ya tano. Hapo wateja watatu walishamwanika kwenye magrupu kwamba ni tapeli. Deni la 30,000 lililipwa likaisha. Jina lake bado analitafuta.

Na kwa Nkome kuna mambo mawili ya ziada.

La kwanza, hela yetu inafuata ziwa. Dagaa wanavuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, boti nyingi zinakaa nchi kavu, na hela inakauka mwalo mzima, mpaka kwa mama muuza chapati. Mteja wako aliyekopa atakulipa giza likirudi. Kwa hiyo kodi ikiangukia katikati ya mbalamwezi, hata mtu mwaminifu inamchelewa. Mwenye nyumba analijua hilo, maana naye anaishi hapa hapa.

La pili, watu wanahama sana. Mvuvi anahamia mwalo mwingine. Mchimbaji mdogo akisikia dhahabu imetoka sehemu, kesho hayupo. Chumba kimoja kinaweza kupokea wapangaji watatu ndani ya mwaka. Kila mmoja alipewa ufunguo. Nani anajua wangapi walichongesha mwingine? Fundi wa funguo hamuulizi mtu chumba ni cha nani. Kwa hiyo ukiingia chumba kipya na ukaendelea na kitasa kile kile, unalala na mtaji wako kwenye chumba ambacho watu usiowajua wanaweza kukifungua.

SHERIA INASEMAJE

Mimi siyo mwanasheria. Nasema yale ambayo mfanyabiashara mdogo anatakiwa kuyajua ili asitishwe.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inalinda maskani ya mtu. Haijasema maskani ya mwenye hati tu. Mpangaji naye ana maskani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 (Sura ya 113) ina sehemu nzima ya upangaji. Humo kuna ahadi zinazohesabiwa kuwamo kwenye kila upangaji hata kama hamkuziandika. Moja ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti anakaa kwa amani, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala mtu wake. Nyingine inampa mwenye nyumba nafasi ya kuingia kukagua au kukarabati, lakini kwa wakati unaofaa na bila kumvuruga mpangaji isivyo sababu. Soma tena hapo. Sheria haijamkatalia kuingia. Imemkatalia kuingia kiholela.

Sheria hiyo hiyo inaukubali upangaji wa muda mfupi hata kama ni wa mdomo. Kwa hiyo yule anayekwambia "huna mkataba kwa hiyo huna haki" anakutisha tu. Kama unalipa kwa mwezi na hamkupanga mwisho, wewe ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuvunja anatoa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Hilo linakuhusu na wewe: usihame usiku ukamwachia mama wa watu chumba kitupu.

Kodi isipolipwa, mwenye nyumba ana nguvu ya kutoa notisi ya kusitisha upangaji. Akitaka kukutoa na hukubali, njia ni notisi, kisha vyombo vya kuamua migogoro. Kufuli usiku wa manane siyo notisi.

Kuna wazee watakwambia zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ni kweli, ilikuwepo ya mwaka 1984, ikaja kufutwa mwaka 2005. Tangu hapo tunategemea zaidi Sheria ya Ardhi na yale tuliyokubaliana wenyewe. Wenzetu Kenya wapangaji wa maduka wana sheria yao maalumu tangu miaka ya 1960, na mwenye fremu anayetaka kusitisha upangaji unaolindwa na sheria hiyo anatoa notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi. Uganda nao walipata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji mwaka 2022, na kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa. Mimi naona na sisi tunahitaji sheria yetu ya namna hiyo, fupi, kwa Kiswahili chepesi, inayotaja mpaka kufuli. Ila biashara haiwezi kusubiri Bunge. Mpaka hapo, karatasi mnayosaini wewe na mwenye nyumba ndiyo kinga ya karibu zaidi uliyonayo.

TUMSIKILIZE NA MWENYE NYUMBA

Nisingependa tuandike kama vile wenye nyumba wote ni wabaya. Wengi hapa kwetu ni mama mjane au mzee aliyejenga vyumba vinne kwa hela ya samaki, na ile kodi ndiyo dawa yake na ada ya wajukuu. Ameshaona wapangaji wanaondoka alfajiri na boti na deni la miezi mitatu. Ameshaona mtu anapika gongo ndani, au anaficha mafuta ya petroli ya injini za boti chumbani karibu na jiko la mkaa. Akisema anataka ufunguo wa akiba, hajaamka tu kutaka kukuchungulia. Anaogopa moto na anaogopa hasara.

Hofu yake ni ya kweli. Ninachopinga ni dawa anayoitumia. Ukimfungia mfanyabiashara mdogo mzigo ndani, umemzuia kupata ile hela ya kukulipa wewe. Yule dada wa nguo za watoto alikuwa na laki mbili za watu ndani ya chumba kilichofungwa kwa deni la 30,000. Angeachwa afunge oda zake siku ile, wateja wangeridhika, wangeagiza tena, na kodi ingelipwa kabla ya Jumapili. Kufuli lile lilimchelewesha mwenye nyumba mwenyewe kupata haki yake.

Kwa hiyo mwenye nyumba unayesoma hapa, shikamoo, na hili ni kwa faida yako pia: andika notisi, mpe tarehe, mwite mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mpangaji mwenye biashara anaogopa aibu kuliko anavyoogopa kufuli.

UFUNGUO WA AKIBA: NJIA NINAYOIPENDA

Watu wanabishana kama mwenye nyumba awe na ufunguo au asiwe nao. Mimi nasema hivi: kwa chumba chenye mzigo wa biashara, asikae nao mkononi. Siyo kwa sababu ni mwizi. Ni kwa sababu kitu kikipotea humo ndani, yeye atakuwa wa kwanza kushukiwa, na wewe utakuwa umemkosea heshima mtu ambaye pengine hana kosa. Ufunguo mmoja wa ziada unavunja undugu wa miaka.

Njia iliyo nzuri ni bahasha. Ufunguo wa akiba unawekwa kwenye bahasha, inagundishwa, wote wawili mnasaini juu ya pale ilipofungwa, na tarehe. Bahasha inakaa kwa mtu mnayemwamini wote, anaweza kuwa mwenyekiti wa kitongoji au jirani mzee. Ikitokea moto, bomba limepasuka, au mpangaji anaumwa ndani hafungui, bahasha inachanwa mbele ya mashahidi wawili. Siku nyingine zote haiguswi. Ukitaka kujua kama imeguswa, unaangalia saini. Gharama yake ni bahasha moja ya dukani.

KITASA, NONDO NA KAMERA

Siku ya kwanza ya kuhamia, badilisha kufuli. Kufuli la kuning'inia ni mali yako, unalinunua wewe, unaondoka nalo. Hilo halina mjadala mrefu, mwambie tu mwenye nyumba kwamba umeweka lako.

Kitasa cha ndani ya mlango ni kitu kingine, maana kimeshikamana na mlango wake. Omba ruhusa, hata kwa meseji. Kile cha zamani usikitupe, mrudishie. Ukihama, mnakubaliana kama unaacha kipya au unarudisha cha zamani.

Nondo za dirishani, grili ya mlango na komeo la chuma vinataka kuchomelea na kutoboa ukuta. Hapo usianze bila maandishi. Swali la muhimu ni nani analipa. Maoni yangu ni kwamba kitu kitakachobaki kwenye nyumba ukiondoka, mwenye nyumba achangie, hata kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye kodi. Kama grili ni shilingi 120,000 na kodi ni 30,000 kwa mwezi, mnaweza kukubaliana unalipa 20,000 kwa miezi sita. Yeye anabaki na grili kwa nusu ya bei, wewe umelala salama. Wote mmepata. Ila bila kuandika, mwezi wa pili atakuuliza "ile elfu kumi nyingine iko wapi?"

Kabla hujanunua kufuli la bei kubwa, angalia lile pete la chuma unapolifungia. Nimeona kufuli zito zuri limefungwa kwenye kipande cha bati chenye misumari miwili. Mwizi hahangaiki na kufuli, anang'oa misumari. Angalia na bawaba ziko upande gani: zikiwa nje, mlango unatolewa wote ulivyo na kufuli lake. Angalia na juu. Vyumba vingi huku havina dari, na ukuta wa kati haufiki kwenye bati, yaani mtu wa chumba cha pili anapanda na kushukia kwako. Hapo tatizo siyo kufuli tena. Mwombe mwenye nyumba apandishe ukuta kabla hujahamia, au chagua chumba kingine.

Kuhusu kamera ndogo za kuunganisha na simu, ni nzuri, ila elekeza kwenye mlango wako. Usielekeze kwenye choo cha wote, mlango wa bafu au chumba cha jirani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, majirani zako ndio walinzi wako wa kwanza. Usiwageuze maadui.

WIZI UKITOKEA, NANI ANALIPA?

Wengi wanadhani mwenye nyumba ndiye analipa. Usijidanganye. Kukupangisha chumba hakumfanyi kuwa mlinzi wa mzigo wako. Jambo linabadilika kama yeye alikuwa na wajibu fulani akauacha: mfano mlikubaliana atatengeneza mlango uliooza, ukamkumbusha kwa maandishi, hakutengeneza, na mwizi akapitia pale pale. Hapo una la kusema mbele ya usuluhishi. Lakini utaambiwa uonyeshe: ulimwambia lini? Ndani kulikuwa na nini? Cha shilingi ngapi?

Wazee walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila mzigo unaoingia, andika. Risiti za Mwanza tunza. Siku hizi mzigo unavuka na Daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko, unaweza kuagiza kidogo kidogo mara nyingi badala ya kurundika. Hiyo nayo ni ulinzi: kilicho stoo kidogo, hasara ndogo. Kila Jumapili piga picha ya mzigo wako wote ndani ya chumba. Picha ina tarehe, haina ubishi.

Ulinzi wa mtaa nao changia. Sungusungu ilianzia huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe. Mpaka leo ulinzi shirikishi wa kitongoji unasaidia kuliko king'ora cha simu. Kama unaombwa hela ya ulinzi kwa mwezi, lipa, chukua risiti, na waambie walinzi kwamba wewe una mzigo. Siyo kutangaza ni mzigo gani. Na hilo liende na mtandaoni: usipige picha ya bidhaa ambayo dirisha, mlango na kufuli lako vinaonekana nyuma.

UKIKUTA KUFULI JUU YA KUFULI LAKO

1. Usivunje. Najua hasira. Ila ukivunja, kesi inageuka, wewe ndiye unaulizwa maswali ya uharibifu.

2. Piga picha na video fupi ya mlango, onyesha makufuli yote mawili. Mwite jirani mmoja au wawili waone.

3. Tuma meseji ya heshima. Usipige simu tu, maana simu haibaki. Mfano: "Shikamoo mama. Nimekuta mlango wa chumba changu umefungwa kwa kufuli lingine leo saa nane mchana. Ndani kuna bidhaa za wateja waliokwisha kulipia. Deni langu ni la mwezi mmoja, naomba tukutane leo kwa mwenyekiti tupange nalilipa lini. Naomba mlango ufunguliwe." Ukimtukana hapo, umempa kesi.

4. Wateja waambie mapema na ukweli kwa kifupi: mzigo utachelewa, tarehe mpya ni hii, anayetaka hela yake arudishiwe. Anayerudishiwa hela leo atarudi kununua kesho.

5. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Mengi yanaishia hapo. Nyumba ikiwa kwenye ardhi ya kijiji kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba na wanawake wasiopungua watatu, kazi yake ni kusuluhisha.

6. Ikishindikana, Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata kwenye mambo ya ardhi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwetu lipo Geita mjini. Huko ndiko kunakoamuliwa.

7. Polisi? Deni la kodi watakwambia ni la madai, na ni kweli. Lakini kama mtu ameingia akabeba vitu vyako, huo ni wizi hata kama ni mwenye nyumba. Nenda katoe taarifa, na orodha yako ya mzigo mkononi. Kata nyingi sasa zina mkaguzi wa polisi wa kata, mfahamu kabla hujapata shida.

Meseji za WhatsApp, za M-Pesa na Airtel Money usifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa. Kodi lipa kwa simu na uandike ni ya mwezi gani. Ukilipa taslimu, daftari lisainiwe. Kama huna hela ya wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

MANENO YA KUWEKA KWENYE MKATABA

Hayahitaji Kiingereza wala wakili. Chukua, badilisha yanayokuhusu, msaini wote wawili na mashahidi wawili:

"Mpangaji atatumia chumba kuishi na kuhifadhi bidhaa halali za biashara yake.

Mpangaji ataweka kufuli lake. Ufunguo wa akiba utakaa kwenye bahasha iliyosainiwa na pande zote kwa ................, na utatumika kwa dharura tu mbele ya mashahidi wawili.

Mwenye nyumba akitaka kukagua atatoa taarifa ya siku moja, na mpangaji au mtu wake atakuwepo.

Kodi ikichelewa, mpangaji ana siku kumi za nyongeza. Baada ya hapo mwenye nyumba atatoa notisi ya maandishi. Hakuna upande utakaofunga mlango au kuzuia mali ya mwenzake.

Nondo, grili au kitasa kitakachowekwa kwa makubaliano, gharama itagawanywa hivi: ................"

Zile siku kumi nimeziweka kwa makusudi. Mbalamwezi haifuati kalenda, kwa hiyo huwezi kuchagua tarehe moja ya kodi itakayokufaa mwaka mzima. Siku kumi zinakuvusha mpaka hela irudi mwaloni.

Kuna anayeogopa kwamba akileta karatasi kama hii atanyimwa chumba. Inawezekana. Lakini jiulize: mtu ambaye leo, bado anakubembeleza uchukue chumba, anakataa kuandika kwamba hatazuia mali yako, siku ukichelewa wiki moja atafanya nini? Chumba cha elfu thelathini kipo kingine. Mzigo wa wateja ukikwama ndani, hela yao utaitoa wapi?

Wiki hii fanya moja tu. Kama tayari umepanga, nenda kwa mwenye nyumba, msalimie vizuri, mzungumzie ile bahasha. Kama unatafuta chumba, angalia pete la kufuli, bawaba na bati kabla hujauliza bei. Ukishamaliza, mtumie na mwenzako anayelala na mzigo wa watu chini ya kitanda. Biashara njema.